Sakafu ya Marudio

Makoye alichimba dhahabu Geita miaka kumi, akapata, na alipopata alihakikisha mtaa mzima wa Ngokolo unajua. Alijenga nyumba yenye nguzo nne barazani, kila moja nene kama kiuno cha fahali, na hakuna hata moja iliyobeba kitu. Ikabaki sakafu.

Mkewe, Vumilia, hakuomba nguzo. Miaka yote aliishi naye machimboni chini ya turubai, akila vumbi na kulala juu ya vumbi. Sasa alikuwa kwao kwa baba yake na mtoto mgongoni, na alisema neno moja tu: hahamii mpaka nyumba iwe na sakafu ambayo Eliya, aliyeanza kutambaa, atailalia kifudifudi bila kula uchafu.

Baba yake, Mzee Mihayo, alikuwa fundi sakafu. Nusu ya makanisa na madarasa ya mji ule yalikanyagwa juu ya kazi ya mwiko wake. Basi siku malori manne yalipomwaga mchanga wa kijivu mbele ya nyumba ya mkwewe, alikwenda kutazama.

"Shikamoo, baba," alisema Makoye.

"Marahaba, Baba Eliya. Huu ni mchanga wa wapi?"

"Marudio ya duara langu mwenyewe, shimo langu la Geita. Tumeshasaga mawe, tumeosha, dhahabu tumetoa. Sasa unakuwa kifusi, na mwingine tunachanganya na saruji kubandikia marumaru. Nyeupe, za kung'aa kama kioo. Ukiinama unajiona."

Mzee alichota kidogo, akausugua kwa vidole. "Mchanga wa mto una meno, unaishika saruji. Huu ni unga. Tena mmeuosha kwa zebaki."

"Baba, zebaki nimeishika kwa mikono hii miaka kumi. Nimekufa?"

Alisema hivyo huku ameshika kikombe cha chai, na kikombe kikawa kinagonga kisahani, ti, ti, ti, kama kuku anayedonoa bati. Mzee Mihayo alikisikia. Makoye hakukisikia, alikuwa amekizoea.

Mwezi haukupita, marumaru zikawa zimebandikwa. Mzee aliingia sebuleni na fimbo yake, akagonga moja. Ikalia kama debe tupu. Akagonga ya pili, ikacheza. Kwenye maungio, vumbi la kijivu lilikuwa linapanda taratibu. Vumilia, aliyekuja kuona, alimweka mtoto chini kidogo tu. Eliya alipitisha kiganja sakafuni, akakipeleka mdomoni. Mama yake alimnyanyua kabla hakijafika, akatoka nje, akamfuta vidole kwa kitenge mpaka vikawa vyekundu.

"Ni za kuzoeana tu," Makoye alisema. "Marumaru nazo huzoea nyumba."

Mzee alitamani kumuuliza ni shule gani ilimfundisha hayo, akajizuia.

Njiani Vumilia alisema, "Baba, umewamwagia sakafu watu wote wa mji huu. Yangu mimi ndiyo imekushinda?"

Neno hilo lilimkaa moyoni. Alijua kumwambia Makoye kwamba mwanawe ataumia ni kupigia mbuzi gitaa. Mtu yule alikuwa na sikio moja, na sikio hilo lilisikia kitu kimoja.

Jumapili Makoye aliwaalika wachimbaji wenzake waje waione sebule. Mzee Mihayo alikwenda, akanywa soda, akasifu nguzo. Kisha akauliza kwa upole, kama mzee asiyejua mambo ya kisasa:

"Hivi Baba Eliya, marudio haya uliyapima kabla ya kuyafukia? Nasikia siku hizi kuna mitambo inayanunua marudio, inayaosha upya, inapata dhahabu mliyoiacha."

Mchimbaji mmoja alitazama chini, katikati ya miguu yake. "Duara lako lilikuwa na mawe mazuri, Makoye," alisema. "Na karasha yenu ilikuwa inasaga vibaya, dhahabu ilibaki humo."

"Mimi nauliza tu," alisema Mzee.

Jumanne Makoye alikuwa amevua viatu, sururu mkononi, anabomoa sebule yake mwenyewe. Marumaru zilitoka nzima nzima, hazikuwa zimeshika kitu. Alichimba vyumba vyote mpaka kwenye udongo mweusi wa mbuga, akafagia pembe kwa ufagio, akapakia yote kwenye malori, akaondoka nayo Geita. Kilichopatikana huko hakikujaza kizibo cha soda.

Aliporudi, alikuta Mzee Mihayo na vibarua wawili wameuondoa udongo wa mbuga usiokaa mahali pamoja, wameshindilia changarawe, wamemwaga zege la mchanga wa mto. Mzee alikuwa amepiga magoti, anapiga niru ya saruji nyekundu, akiilainisha juu ya zege kwa mwiko, chumba cha mwisho. Makoye hakuwa na nguvu hata ya kubisha.

Ilipokauka, Vumilia alileta mkeka na vyungu vyake. Alimweka Eliya chini. Mtoto alitambaa hadi ukutani, akageuka, akalala kifudifudi, shavu kwenye ubaridi.

Makoye aliinama, akatafuta uso wake mwenyewe sakafuni. "Haing'ai," alisema.

"Haing'ai," Mzee Mihayo alikubali, akifuta mwiko. "Hutajiona. Mtazame mwanao."