Mashine ya Uzinduzi

Muuza mkaa alimwapia msusi, jirani yake, kwamba safari hii serikali haikufanya mzaha. Lori limeingia hospitali mchana kweupe, limeshusha mashine mpya za kupumulia, makasha kwa makasha, bado yana nailoni.

"Sikuhadithiwa, shoga! Nimeona kwa macho haya. Kamwambie mama yako aachane na ule mtungi wa oksijeni wenye kutu."

Msusi hakumalizia hata kichwa cha mteja. Alichukua chupa ya chai akatoka mbio.

Wodi ilinuka rangi. Kuta zilikuwa zimepakwa upya, lakini hadi usawa wa bega tu. Wagonjwa waliokuwa wakilala wawiliwawili walikuwa wamehamishiwa kwenye ukumbi wa nyuma, na mama yake kabaki na kitanda peke yake, shuka jeupe, kama bibi harusi.

"Mama yako ndiye tuliyemchagua," muuguzi mkuu alimwambia. "Ana uso wa picha."

"Uso wa picha na mapafu ya gunia," mama alisema, akihema. Bado alikuwa na utani.

"Mtungi wa zamani tunautoa. Mheshimiwa anayekuja kuzindua mashine hatakiwi kuuona. Sawa?"

"Sawa, dada," msusi alijibu. "Nani akatae kizuri?"

Mtungi uliburutwa hadi ukumbini, barakoa yake akavalishwa mzee mmoja aliyelala sakafuni. Msusi hakumtazama. Alikuwa anamsuka mama yake, mistari myembamba ya kupendeza, huku mama akihema mdomo wazi na kumwambia aharakishe, wageni wasimkute nusu nusu.

Mheshimiwa alikuja na kamera. Akakata utepe, akamvalisha mama barakoa kwa mkono wake mwenyewe. Mashine ikavuma taratibu. Midomo ya mama, iliyokuwa na rangi ya majivu, ikarudi kuwa midomo ya mtu.

"Watu huniuliza bajeti ya afya imekwenda wapi," Mheshimiwa aliziambia kamera. "Imekuja hapa! Mama, unajisikiaje?"

Mama aliinua barakoa kidogo. "Kama nimezaliwa leo, baba. Itabaki?"

Wakacheka wote. Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akampigapiga begani. "Mama huyu ana maneno!"

Vumbi la magari halijatua, fundi akaingia na dereva wa lori. Akamvua mama barakoa, akaifuta kwa spiriti, akaanza kuivisha mashine nailoni.

"Kaka, mnaipeleka wapi?"

"Wilaya ya pili. Nao wana uzinduzi kesho."

"Basi mtuachie moja ya zile kwenye makasha."

Dereva alikuwa ameshika kasha kwa mkono mmoja. Akaligonga kwa ngumi. Likalia kama ngoma.

"Haya ni ya kupanga nyuma, dada. Picha ijae."

Msusi alimkuta muuguzi mkuu akikunja lile shuka jeupe lirudishwe kabatini.

"Dada, mrudishieni mama mtungi wake."

"Anautumia mtu mwingine. Nikamvue?"

"Si mlisema mashine ni yetu?"

"Tulisema inazinduliwa." Muuguzi hakuinua macho. "Usinikazie mimi. Hata hili shuka si letu."

Kutoka kitandani alisikia mama akivuta pumzi kama anaburuta kiti. Mikono ya msusi ilikuwa bado inateleza kwa mafuta ya nywele. Akaenda ukumbini.

Mzee alikuwa amelala usingizi, pengine wa kwanza kwa siku nyingi. Mkewe alikaa sakafuni ubavuni pake, mkono umeshika shingo ya mtungi. Msusi akapiga magoti mbele yake.

"Mama yangu, shikamoo. Tupokezane. Kidogo mgonjwa wenu, kidogo wetu. Nakuomba."

Mwanamke yule alimtazama, akaitazama mikono yake inayong'aa. Kisha akajigeuza polepole, akauegemea mtungi kwa mgongo wake wote. Nyuma yao, fundi alikuwa anaifunga mashine utepe mpya, wa kesho.