Matari Manne ya Bi Fatima

Haya nimeyapata kwa Awa mwenyewe, mjane wa Adamo, mwezi wa Februari, mwaka ule ambao Palma nzima, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa haina neno ila gesi. Alikuja kunisaidia kumenya muhogo, akaanza kueleza, na muhogo ukabaki pale pale.

Awa alikuwa mpishi wa shule. Wajapani wa gesi walipoitembelea shule wakaisikia bendi, wakasema watoto waende kwao wakapige pamoja na shule moja ya huko. Basi wazazi wakaja juu. Wavulana wa tarumbeta, haya, waende na mwalimu wao Raimundo. Lakini wasichana wanne wa matari wavuke dunia bila mama wa kuwaangalia? Haiwezekani. Likatajwa jina la Awa, kwa kuwa binti yake Zuleica ndiye mpiga tari dogo, na kwa kuwa Awa ndiye aliyekuwa akiyapasha moto matari kila yalipotaka kupigwa.

Matari yenyewe hayakuwa ya shule. Yalikuwa ya Bi Fatima, mkuu wa kikundi cha tufo, ngoma yetu ya wanawake, na yamepigiwa maulidi tangu enzi za mama yake. Aliyatoa moja moja, akiyapangusa vumbi.

"Awa mwanangu, nakupa manne, nataka manne. Na yasiende kulia kama madebe mbele za watu."

"Yatalia, Bi Fatima. Na yatarudi."

Neno hilo likamlemea kuliko mizigo yote.

Maana nani asiyejua kwamba tari bila moto ni bure? Ngozi ikinywa ubaridi inalegea. Unakoka moto wa makumbi ya nazi, unaikaribisha ngozi, unaigonga kwa kidole, unasikiliza, unageuza. Ikishalia unaitoa upesi, maana ikizidi inapasuka. Kwa hiyo Awa alijaza mfuko mzima makumbi makavu, akaufunga kwa leso, akapanda nao ndege.

Siku tatu njiani. Gari mpaka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, ndege mpaka Maputo, ndege nyingine, kisha nyingine tena. Wasichana walimlalia mabegani kwa zamu. Yeye hakulala. Kila akifumba macho alishtuka, akahesabu: vichwa vinne, matari manne.

Walipofika Japani, kijana mmoja wa forodha mwenye glavu nyeupe aliufungua ule mfuko, akachomoa kumbi moja, akalitazama juu na chini, akalinusa. Akaita mwenzake. Wakaja watano.

Alikuwapo Hélio, kijana wa Pemba anayesoma huko, aliyekuja kuwapokea na kuwatafsiria. "Wanauliza, hiki ni chakula?"

"Waambie ni kuni."

Hélio akamgeukia, akamwita Tia, yaani shangazi kwa Kireno. "Tia Awa, umebeba kuni kutoka Palma?"

"Mimi nitajuaje kama huku kuna minazi?"

Wavulana wa tarumbeta walicheka mpaka wakakaa chini. Wale watu wa glavu hawakucheka. Wakainama kwa adabu, wakayachukua makumbi yote mpaka nyuzi nyuzi zilizobaki ndani ya leso, kwa sababu maganda ya mimea kutoka nje hayaruhusiwi.

Kesho yake, saa saba mchana, walikuwa nyuma ya jukwaa la jumba moja kubwa. Nje mvua ilikuwa ikinyesha pamoja na theluji. Onyesho saa tisa. Zuleica aligonga tari lake. Bu. Akagonga tena. Bu, kama mtu anayepiga godoro.

Mwalimu Raimundo alikuja akijifuta macho. Ni mtu wa Mueda, huko bara, si mtu mbaya, ila naye uchovu ulikuwa umemshika. "Mama Zuleica, hayo yakiendelea hivyo, wasichana watasimama nyuma wapige makofi. Wavulana watapiga peke yao."

"Mwalimu, nitafutie moto kidogo tu."

"Moto?" Hélio aliruka. "Tia, humu ukiwasha kiberiti tu, zinalia kengele, watu wote wanatolewa nje!"

Msichana mmoja alirudi anakimbia. "Mama Awa, kule chooni kiti kinatoa joto! Nimekikalia, kinachoma kama jiwe la juani! Tuyaweke pale!"

"Astaghfirullah! Tari la maulidi chooni? Mtampeleka Bi Fatima kaburini kabla ya siku yake!"

Akakaa sakafuni, akalitia tari dogo chini ya leso, juu ya tumbo lake, labda litapata joto la mwili. Ndivyo alivyoonwa na bibi mmoja mfagiaji wa jumba, mfupi, mgongo umepinda. Yule bibi alisimama akaangalia. Akagusa ngozi ya tari kwa vidole viwili. Akatikisa kichwa kama anayesema, hii imelowa. Kisha akamshika Awa mkono, akamwongoza mpaka chumba chake kidogo cha kuhifadhia mifagio, na wasichana nyuma na matari yao.

Mle mlikuwa na meza fupi iliyofunikwa blanketi zito, na chini ya meza joto la umeme linawaka, bila mwali, bila moshi. Bibi akainua blanketi. Awa hakuhitaji mkalimani. Akayaingiza matari manne, akawafukuza wasichana wakavae, akanyoosha miguu humo ndani naye.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Joto lilimpanda kutoka nyayo mpaka magotini, mpaka kiunoni. Siku tatu za usingizi zikamjia kwa pamoja. Akagonga tari kubwa: bado. Akageuza. Akagonga la pili: karibu. Yule bibi akammiminia chai, akaketi upande wa pili, akaanza kukoroma. Awa akajifinya paja. Akagonga la tatu: tayari, akalitoa. Akalitoa la pili. Akatoa kubwa. Limebaki dogo, ngozi yake nzito, linataka kidogo tu. Kidogo tu, alijiambia.

Paa!

Akashtuka. Akaingiza mkono, akalitoa. Ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingo mpaka ukingo.

Zuleica alikuwa mlangoni, amepaka usoni msiro, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, amependeza. "Mama. Umelala."

"Nimelala, mwanangu."

Hakutafuta neno jingine. Zuleica akalichukua tari, akaingiza mkono katika ule mpasuko, akatoa machozi, msiro ukachora mistari.

Huku kwetu msichana anayejifunza hapewi ngozi. Hupewa duara tupu la mti, agonge huo mti mpaka vidole vijue njia. Zuleica alilipita hilo akiwa na miaka saba. Awa akamtazama, akamwambia polepole, "Gonga mti."

"Kama mtoto? Mbele ya watu wote wale?"

"Wale hawajui. Wenzako watatu bila jibu lako watapotea njia. Gonga mti."

Wakapanda. Awa alisimama nyuma ya pazia, ameegemea ukuta asianguke. Tarumbeta zikanyamaza. Tari kubwa likalia, tena likalia vizuri, kavu, kama uwanjani kwetu. Mawili yakafuata. Pakawa na upenyo mdogo, na Awa akaacha kupumua. Kisha mti ukajibu: ko, ko-ko, ko. Ukajibu tena. Mwalimu Raimundo, tarumbeta mkononi, akageuka kutazama, akaanza kutikisa kichwa kwa kuufuata.

Ilikuwa bado mchana walipopanda basi. Wavulana walilala kabla halijaondoka. Mwalimu Raimundo akalala mdomo wazi, Hélio naye. Wasichana wakaangukiana.

"Utamwambia nini Bi Fatima?" aliuliza Zuleica, macho yameshafumba.

"Kwamba nililala. Nitanunua ngozi ya mbuzi, niiwambe mwenyewe mbele yake, aniseme mpaka achoke."

"Atakusema mpaka Ramadhani."

"Na aseme."

Zuleica akacheka kidogo, akamlalia mapajani, akasinzia. Awa akahesabu: vichwa vinne. Matari matatu, na duara moja. Akaanza kuhesabu tena, akafika vichwa vitatu, na kabla ya cha nne usingizi ukamchukua.