Afande Aliruka Nini?

Farasi wa Shamim aliitwa Afande, na kwa kuwa watu wengi wa upande ule wa Aroi ni watoto na wajukuu wa askari, hakupita njiani bila mtu kusimama wima na kumpigia saluti. "Jambo, afande!" Naye hutikisa masikio na kuendelea na safari yake.

Alikuwa amewabeba mabwana harusi wengi wa Arua na Koboko, ngoma zikimpigia masikioni, watoto wakimsonga kila upande, na hakuwahi kumkanyaga hata mmoja. Kesho ilikuwa zamu ya Yasiri, mtoto wa dada mkubwa wa Shamim. Lakini siku hizi Afande alikuwa na vituko. Alikanyaga beseni lililokuwa mbele yake. Aligonga bega kwenye nguzo mpya ya zizi. Nasiri, ndugu yake Shamim, aliyeleta pikapu kutoka Koboko kuja kumchukua farasi kwa harusi, alimzunguka mara mbili.

"Dada, hii mzee imechoka," akasema mwishowe. "Watoto watajaa mbele yake. Kama nakanyaga mtoto ya mutu, harusi itageuka matanga."

"Uzee si ugonjwa, ndugu yangu. Ngoja nakimbisha yeye. Kama iko na shida, itaonekana."

"Na kama haionekani?"

"Basi utapakia."

Shamim akafunga tandiko, akapanda. Njia ya kwenda kisimani Afande aliijua kama ulimi unavyoyajua meno. Walipoipita miti ya misaji ya kanisa Shamim alilegeza hatamu, na farasi akaenda shoti bila kuombwa. Udongo mbichi uliruka nyuma yao. Mihogo ikapita, simsim ikapita, kitambaa cha kichwani kikamshuka shingoni, na Shamim akajikuta anacheka peke yake kama mtoto kwenye bembea. Kwenye jabali njia hukata kulia ghafla. Walikata pamoja, mwili mmoja, wala hakuyumba. Uzee gani huu? Nasiri angekuwepo aone!

Ndipo, katikati ya njia nyeupe, iliyonyooka, isiyo na kitu, Afande akaruka.

Hakushtuka, hakukwepa. Alijikusanya, akaruka juu na mbali, akatua vizuri. Shamim alibaki ameng'ang'ania manyoya ya shingo. Alimsimamisha, akamgeuza, akatazama. Hapakuwa na gogo, wala nyoka, wala kivuli cha mti.

"Shamim!" Stella Kiden, jirani yake, aliinuka kwenye kunde akiwa na fungu la majani mkononi. "Sasa umefundisha yeye kucheza dansi?"

"Umeona nyoka hapa?"

"Nyoka wapi? Yeye naruka mtaro."

"Mtaro gani, Kiden?"

"Ile ya maji! Si walifukia, wakaweka bomba? Wewe mwenyewe umepita na baiskeli ukasifu."

Kweli, alisifu. Lakini yeye na Afande hawakuwa wamepita hapo tangu kazi ile ifanywe. Na mtaro usiokuwepo, mwenye macho ataurukia nini?

Shamim akashuka taratibu. Akapitisha mkono karibu na jicho la kulia la Afande. Halikupepesa. Akapitisha kushoto. Halikupepesa. Ndani ya macho yale mlikuwa na ukungu kama maji yaliyosuuza mchele. Shamim alikuwa akiuona kila asubuhi, akauita uzee.

"Haoni?" Kiden akauliza kwa sauti ndogo.

"Haoni."

"Na namna ile alikuwa nakimbia?"

Shamim aliitazama njia waliyotoka. Pale kwenye jabali, nani alimgeuza mwenzake? Alijaribu kukumbuka kama mkono wake ulivuta hatamu, na mkono haukumwambia kitu. Akataka kumwongoza nyumbani kwa miguu, lakini Afande hakuinua ukwato. Alisimama akitetemeka ngozi, pua ikimtafuta Shamim. Shamim alipopanda tena, farasi akashusha pumzi, akaenda.

Walirudi polepole. Nasiri alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa pikapu.

"Amekimbia?"

"Amekimbia."

"Vizuri?"

"Kuliko siku zote."

"Basi tunapakia."

"Hapana, Nasiri. Hii farasi ni kipofu."

Nasiri akacheka. Kisha akautazama uso wa dada yake, akaacha.

"Kipofu nakimbia kuliko siku zote? Dada, hiyo ni maneno gani?"

"Mimi pia sielewi. Lakini mbele ya watoto haendi. Mwambie Yasiri atembee na miguu yake."

Nasiri akafunga mlango wa pikapu.

"Sawa. Shuka basi tunywe chai."

"Nashuka," Shamim akasema. Lakini chini yake Afande alikuwa ametulia kabisa, na yeye hakujua farasi angefanya nini uzito wake ukimtoka mgongoni. Akaendelea kukaa.