Spika Nne za Harusi ya Kaengesa

Watu wa Sumbawanga walizoea kuwataja pamoja, Otilia na Zita, kana kwamba ni jina la mtu mmoja. Otilia alikuwa fundi. Alijifunza kutengeneza redio kwa marehemu baba yake, na tangu utotoni mikono yake ilinuka risasi ya kulehemu. Zita alikuwa na sauti. Masharti ya biashara yalipolegezwa na bidhaa za Zambia zikaanza kumiminika mjini, wasichana hao waliuza maharage yao, wakanunua amplifaya moja kubwa. Otilia akaunda maboksi manne ya spika kwa mkono wake. Kuanzia mjini hadi Namanyere, harusi haikukamilika bila wao.

Otilia hakutaka kumficha mwenzake chochote. Siku moja alimkalisha uani, nyuma ya amplifaya, akamwonyesha nyaya.

"Spika zetu kila moja ina omu nane," alisema. "Omu ni ukinzani, yaani spika inavyoubana umeme. Ukifunga mbili sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zinabaki omu nne."

"Spika zinaongezeka, omu zinapungua?"

"Ndiyo. Kanisa likiongezwa mlango, watu si wanatoka kwa wingi zaidi? Omu zikipungua, umeme unatoka kwa wingi na amplifaya inaelemewa. Hii yetu ina pande mbili, na kila upande unamudu omu nne. Ndiyo maana nafunga spika mbili kushoto, mbili kulia."

"Na hii swichi?"

"Hiyo inaziunganisha pande mbili ziwe kitu kimoja. Nguvu inakuwa kubwa sana, lakini hapo haitaki kushuka chini ya omu nane."

Zita alifikiri kidogo. "Na mtu akiisukuma, halafu azifunge zote nne sambamba?"

"Zitakuwa omu mbili. Itaimba vizuri kuliko siku zote, halafu itaungua."

Zita alicheka, akairudia hesabu yote kwa kidole mavumbini mpaka akaipata. Otilia alifurahi kwamba sasa kuna mtu mwingine anayejua.

Msimu wa mavuno ulipofika waliitwa kijijini Kaengesa. Mzee Adolfu alikuwa anamwoza binti yake, na miongoni mwa wageni walikuwamo watu wa Namanyere waliotaka kuwachukua kwa sherehe zao zote za mwaka huo. Asubuhi Otilia alifunga nyaya mwenyewe, akajaribu jenereta, akaridhika. Mama wa bibi harusi alipomwita akale, alimwambia Zita, "Nakuachia vyombo, ndugu yangu."

"Nenda ukale," Zita alijibu. "Nipo."

Maharusi walipotoka kanisani, Zita alishika kipaza sauti. Muziki ulilia kwa namna ambayo Kaengesa haijapata kuisikia. Besi iligonga vifuani, akina mama wakapiga vigelegele, vijana wakarusha kofia. Otilia alikuwa bado na tonge mkononi. Yeye hakushangilia. Alijua sauti ya vyombo vyake, na ile haikuwa sauti yake.

Alikimbia. Kabla hajafika, harufu ya kuungua ilikuwa imetanda, spika zikakoroma, kisha kimya. Alizunguka nyuma ya amplifaya. Swichi ilikuwa imesukumwa. Nyaya za maboksi yote manne zilikuwa zimehamishwa, zikafungwa sambamba mahali pamoja, tena zimesokotwa vizuri kama alivyofundisha.

Watu walikuwa bado wanaulizana wakati pikapu ya Ngeleja, mfanyabiashara wa mjini, ilipoingia uwanjani ikiwa na vyombo vipya, imefunikwa turubai. Hakuna aliyekuwa amemwita. Vijana wake walishusha maboksi upesi, na mmoja wao akampa Zita kipaza sauti. Zita akakipokea.

Otilia alimfuata pale pale.

"Zita, ni nani aliyegusa nyaya zangu?"

Zita alitazama chini. "Ngeleja anafungua ukumbi mjini. Anataka mwimbaji."

"Sikukuuliza habari za ukumbi."

"Alisema hawezi kunichukua huku watu bado wanatuita sisi wawili. Alisema vyombo vyetu vinyamaze leo tu, mbele ya watu." Alikizungusha kipaza sauti mkononi. "Nilijua vitazima, Otilia. Sikujua vitaungua."

"Ulijua. Uliniuliza, nikakujibu."

Bwana harusi alikuwa anasubiri wimbo, Mzee Adolfu anaona aibu mbele ya wageni. Zita akageuka, akaimba. Aliimba vizuri, na hilo ndilo lililomchoma Otilia kuliko yote.

Pande zote mbili za amplifaya zilikuwa zimekufa. Transista zake hazikupatikana Sumbawanga, na dereva aliyeagizwa Tunduma alirudi mikono mitupu. Watu wa Namanyere walimchukua Ngeleja. Otilia alirudia redio za watu, na kila jioni upepo ulipovuma kutoka upande wa ukumbi wa Ngeleja, alifunga dirisha. Mama yake, Bertila, alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba vyombo viliharibika, basi.

Siku moja, msimu wa mvua ukikaribia, Otilia alirudi nyumbani akamkuta Zita jikoni ameketi kwenye kigoda, mbele yake ugali wa ulezi na dagaa wa ziwani kutoka Wampembe.

"Mwenzio kaja," Bertila alisema kwa furaha. "Nimemwambia hatoki bila kula. Mtoto huyu amepotea mno."

Zita alisimama, macho yamejaa machozi. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?" Bertila aliuliza, akimtazama huyu na yule.

Otilia alimwangalia mama yake, ambaye alimpenda Zita kama aliyemzaa. Hakuweza kusema mbele yake.

"Kula," alimwambia Zita. "Mama amekupikia."

Alitoka, akakaa uani mpaka aliposikia wakiagana.

"Otilia!" mama yake aliita. "Mgeni anaondoka. Hata barabarani humfikishi?"

Zita alisubiri kidogo mlangoni. Kisha akajitanda khanga, akaenda. Otilia hakumsindikiza.