Unyevu wa Songambele

Saa tatu asubuhi, kila siku ya Mungu, Marieta alifungua kisanduku cha hali ya hewa, akamsogeza kinyonga pembeni kwa kijiti, akasoma vipimajoto viwili na kuandika namba kwenye daftari la ofisi. Kisha alimpa kinyonga panzi wake wawili, akafunga mlango na kuchukua ndoo. Mtoni kulikuwa mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na huo mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Maji ulichimba kwa mikono, ukateka kwa kata.

Ilikuwa mwaka 1974. Songambele kilikuwa kijiji kipya, kimepangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara, kati ya Butiama na Bunda, na watu wake walikuwa wameletwa kwa malori. Nyumba zilikuwa na namba. Palikuwa na bango, ofisi ya kijiji na mlingoti wa bendera. Maji yalikuwa njiani, yanakuja.

Siku ya lori, kule Suguti, Marieta aliruhusiwa kupakia kitanda, kinu, mbuzi watatu na magunia ya mtama. Kaburi la mumewe, Makongoro, halikuwamo kwenye orodha. Alikwenda kuliaga, akamkuta kinyonga kwenye ua wa minyaa uliolizunguka, akakata tawi pamoja naye. Ndani ya lori watu walijibana upande mmoja, maana kinyonga hapendwi na mtu, na Marieta akasafiri kwa nafasi yake mpaka Songambele. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaogopa wadudu hao tangu utoto. Lakini huyu alitoka kwa Makongoro, na Makongoro hakuwa amemletea kitu chochote tangu afe.

Mwanzoni alimweka kwenye tenga, akalining'iniza ndani ya nyumba. Kinyonga akaanza kukauka. Macho yalizama, ngozi ya zamani ikamganda vidoleni isitoke, rangi yake ikawa ya jivu asubuhi na jivu jioni. Maji ya kwenye kisahani hakuyatazama. Marieta akagundua kwamba anakunywa matone tu, ya kwenye majani, basi akawa anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya tawi, asubuhi na jioni. Ndoo aliyobeba saa mbili juani akaanza kuigawa na kinyonga, na moyo ulimuuma.

Wakati huo ndipo alipokuja fundi na kisanduku. Kilikuwa cha mbao nyeupe, juu ya miguu minne, na kuta zake zilikuwa na mianya ya kupitisha hewa bila jua. Kwa kuwa Marieta alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, alikabidhiwa ufunguo. Fundi akamfundisha: kipimajoto kimoja kiko wazi, cha pili kimevishwa kitambaa cha pamba, na kitambaa lazima kiwe kimelowa. Hewa ikiwa kavu, cha kitambaa kinapoa na namba zinaachana sana. Hewa ikijaa unyevu, namba zinakaribiana. Zikiwa sawasawa, jedwali la unyevu linasema mia kwa mia. Fundi akapanda gari lake, akaenda.

Marieta alikitazama kisanduku kile, kivuli chake na hewa yake, akaona kwamba nyumba ya kinyonga ndiyo hiyo. Akamhamishia humo na tawi la mpera. Siku ya nne mvua ikaanza kunyesha ndani ya kisanduku.

Ilinyesha kabla ya alfajiri na ikarudi jioni, rasharasha nyembamba yenye harufu ya ziwa na dagaa wabichi. Mchana ilikatika, majani yakapata kukauka vizuri yasiote ukungu. Nje ya kisanduku vumbi liliendelea na kazi yake. Marieta aliijua mvua ile. Ilikuwa ya Suguti, ile iliyokuwa ikimlowesha Makongoro mgongo akitoka kutega nyavu. Kinyonga akavua ngozi yake yote, akawa kijani kama jani la muhogo. Wanawake walijaribu kukinga sufuria chini ya kisanduku, lakini sufuria ilitoka kavu na nyasi za pembeni zikiwa zimelowa, kwa hiyo wakaacha. Mbuzi ndio walionufaika na nyasi.

Kitambaa hakikukauka tena. Marieta aliandika alichokiona: themanini na tano, themanini na sita, themanini na nane. Mwisho wa mwezi daftari lilipelekwa mjini.

Mwezi wa tisa, mwenyekiti wa kijiji, Mihayo, alikuja na barua mkononi. Alisimama mbali kidogo na kisanduku.

"Mama, mashine ya kuchimba kisima imebaki moja. Wanasema Songambele kuna unyevu mwingi kuliko vijiji vyote, kwa hiyo sisi tusubirie mwaka kesho."

"Unyevu ni wa kinyonga, Mwenyekiti."

"Najua. Kila mtu anajua. Ila wao wanasomaga daftari." Akaikunja barua. "Nimeomba waje kupima wenyewe. Wanakuja Alhamisi. Huyo mnyama wako asiwemo."

Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wameshakufa, na mtoto wa jirani alikuwa amelazwa Bunda kwa kuhara kutokana na maji ya mchangani. Marieta hakubisha. Jumatatu akamtoa kinyonga akamrudisha kwenye tenga. Mvua ikakoma siku hiyo hiyo, na usomaji ukashuka mpaka ishirini na tatu. Kinyonga naye akarudia rangi yake ya jivu. Kufika Alhamisi jicho moja lilikuwa limefunga, na ndani ya nyumba kulikuwa na kikombe kimoja cha maji. Marieta alikipangia: nusu ya kitambaa, nusu ya kinyonga.

Ofisa alikuja saa saba mchana, kwa Landrova, jua likiwa utosini. Aliitwa Florian, kijana mstaarabu, shati limemganda mgongoni. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akawapa pole ya ukame, akaketi kwenye kigoda cha Marieta.

"Mama, naomba maji ya kunywa," alisema.

Marieta aliingia ndani, akapita mbele ya tenga bila kulitazama, akatoka na kikombe na kumpa kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kama alivyofunzwa na mama yake. Florian alikunywa chote.

"Maji matamu," alisema. "Ahsante sana, mama."

Akaenda kwenye kisanduku na karatasi yake. Kipimajoto cha wazi kilisema thelathini na tatu. Cha kitambaa kilisema thelathini na tatu. Akapitisha kidole kwenye jedwali.

"Mia kwa mia," alisema.

"Kitambaa kimekauka, ndugu," alisema Marieta. "Kikikauka hakisomi. Lazima kiloweshwe."

"Basi kiloweshe."

"Maji ya kukilowesha ndiyo hayo uliyokunywa."

Florian alifikiri. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, mimi naandika nilichokiona. Namba nimeiona, na maji nimekunywa." Akaandika: unyevu asilimia mia, maji ya kunywa yapo, tena safi. Akapiga sahihi, akampa kila mzee mkono, na Landrova ikaondoka kuelekea Bunda.

Mihayo alilitazama vumbi lake mpaka likatua.

"Ungemwambia hamna."

"Mgeni ameomba maji, Mwenyekiti. Wewe ungemwambia hamna?"

Mihayo alikohoa. "Ningempa," alisema, akaenda zake nyumbani.

Marieta alimtoa kinyonga kwenye tenga. Alikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Akamweka juu ya tawi la mpera, akafunga mlango wa kisanduku na kusimama hapo akimwomba Makongoro radhi kwa siku zile nne. Jioni mvua ikaanza, taratibu, na harufu ya ziwa ikatoka kwenye mianya. Mbuzi wakasogea.

Asubuhi kinyonga alikuwa amefungua jicho. Unyevu ulikuwa themanini na saba. Marieta aliiandika namba hiyo kwenye daftari, akafunga mlango, akachukua ndoo.