Lusini ya Jabali

"Kwa mkono huu, Bibi, hata jiwe nikilimwagilia litatoa maua," Suad alijigamba, akikizungusha kisahani mbele ya kitanda cha mgonjwa. Juu ya pamba iliyoloweshwa zililala mbegu chache, ndogo kama chawa.

Bibi Zainab alicheka mpaka kikohozi kikamkata. "Chawa wako wakiota, niamshe."

Mapinduzi yalimtoa Bibi Unguja akiwa mwari. Omani ikampokea katika kijiji cha jabali, mahali ambapo mvua ilikuwa habari ya kusimuliwa. Huko alikata lusini, majani ya mbuzi, kwenye vijaruba vilivyonyweshwa na mfereji mmoja. Mfereji ulipokauka, watu waliteremka na kijiji kikabaki kuta. Sasa, chumbani Queensbury, ughaibuni, alikuwa na neno moja tu: "Nimeishi mahali pasipokuwapo."

Kazi ya Suad ilikuwa kupiga picha mimea mikavu katika makavazi mjini. Siku moja alifunua jalada akakutana na lusini ya kijiji kilekile, imebandikwa kwenye karatasi, maganda ya mbegu yamejisokota kama konokono. Alibandua ganda moja, akalitia katika kifuko cha miwani; mbegu zake ndizo alizomtandikia Bibi kisahanini.

Wiki ikapita. Pamba ikanuka, mbegu hazikutikisika. Suad akamuuliza msimamizi wake, Douglas, kwa mzaha wa mtu asiye na shida, kama mbegu za zamani huota.

"Za humu? Zilikaushwa motoni, zikapakwa zebaki wadudu wasizile. Usizishike bila glavu."

Alinawa mikono mpaka ikawaka. Kilichozihifadhi ndicho kilichoziua. Yeye aliyezoea kuikimbia kila huzuni kwa kichekesho, hakupata hata kimoja njia nzima ya kurudi nyumbani. Bibi alikuwa ameanza kukataa chakula. Jioni ile Suad akatandika pamba mpya, akamwaga mbegu nyingine.

Hizo zikaota. Bibi akachuma chipukizi, akalinusa kwa muda mrefu, akalitafuna. Machozi yakamtiririkia masikioni.

"Kumbe hatukwisha," akanong'ona. "Kumbe pale bado papo, mwanangu."

Mlango ukagongwa, akaingia Hansa, mwenye duka la chini, na bakuli la dengu.

"Ah, alfalfa, hii lusini yenu, imetoka vizuri," alisema, akikiinamia kisahani. "Si nilikuambia, Suad, mbegu zangu ni mpya? Watu wa saladi hawazibakishi dukani."

Taya la Bibi likasimama.

"Na zile zetu za kijijini?" Bibi akamuuliza Suad.

Hansa akawatazama, mmoja kisha mwingine, mvuke wa dengu ukimpanda usoni.