Mtihani Niliomfundisha Mtoto wa Kaka

Mimi ni mkali kazini, sifichi. Katika chumba namba mbili cha kliniki ya watoto, ninapowapima waliochelewa kusema ili kuona kama wana dalili za usonji, mzazi akinidanganya namjua kabla hajafika mbali. Leo asubuhi mama mmoja ameniambia mwanawe anacheza na wenzake vizuri tu, huku mwenyewe anatazama sakafu. Nikamweka sawa.

"Mama, haya maswali si mtihani wa shule. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ukificha, unayemuumiza ni huyu huyu uliyempakata."

Akaanza kulia. Maneno yalikuwa yangu, na yalinistahili mimi kuliko yeye. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu. Kipusa, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka miwili na nusu na hajatamka hata "mama". Wifi alishachukua miadi kliniki kwetu. "Dada, wewe ndiye uliye humo ndani," kaka alisema. "Mwanangu asije akabandikwa jina."

Ningemjibu kama ninavyowajibu wengine. Lakini niliogopa. Niliogopa wenzangu waseme nesi wa usonji kumbe usonji uko kwao. Ndiyo, niliwaza hivyo hivyo, sina haja ya kujipamba.

Haturuhusiwi kupima ndugu zetu, kwa hiyo Kipusa angepimwa na mwenzangu tunayemwita Miwani. Nami nilijua Miwani atafanya nini, hatua kwa hatua. Atamwita jina wakati mtoto anatazama kwingine. Atanyoosha kidole kwenye feni ya darini aone kama mtoto atafuata. Atampa mdoli na kikombe aone kama atamnywesha.

Basi kwa wiki tatu, wifi akiwa kazini, nilikuwa nikitoka zamu napitiliza kwa kaka, mdoli wa kliniki ndani ya mkoba. Kaka anatupisha sebuleni. Namwita Kipusa jina lake kwa ile sauti ya kuvuta tuliyofundishwa sote kazini, namgeuza kidevu, nampa biskuti. Namwita, namgeuza, biskuti. Kidole na mdoli vivyo hivyo. Mtoto mwepesi wa kushika yule! Wiki ya tatu akawa anageuka kabla sijamgusa. Nikajipigia makofi, mwanamke mzima.

Siku ya kipimo nikajitia nina shughuli mle chumbani, eti napanga mafaili. Wifi alijibu maswali yote kwa ukweli. "Nikimwita haitiki," alisema.

Miwani akaivuta sauti, akamwita. Kipusa akageuka palepale, mkono mbele.

"Mbona anaitika, mama? Na salamu juu!" Miwani akacheka, akaupokea ule mkono mdogo na kuutikisa. "Wasiwasi wako tu huo."

Feni akaifuata, mdoli akamnywesha. Wifi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nikaendelea na mafaili yangu, nikijisifu moyoni kwamba nimeokoa jahazi.

Imepita mwaka na miezi mitano. Kipusa hajasema neno. Darasa dogo la usemi la kliniki yetu linapokea watoto ambao hawajafika miaka minne, na yeye anaifikisha mwezi ujao. Zimebaki nafasi mbili, na bila kupimwa upya hapati hata moja.

Yule mama wa asubuhi alipotoka, nilikwenda kwa Miwani nikamwambia kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mlete kesho," alisema. "Na kwa mkuu wa kliniki utakwenda mwenyewe. Hilo sikubebei. Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Basi anza na huyo."

Saa kumi jioni nilikuwa sebuleni kwa wifi. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka, na Kipusa amelala chini ya dirisha, anapitisha pindo la pazia mdomoni, taratibu, tena na tena. Nilikataa chai. Nilikataa hata kukaa. Nikayasema yote bila kumung'unya, wiki tatu, kaka, biskuti, mdoli, nikiwa nimejiandaa kutukanwa hadi majirani wasikie. Ningeshukuru kutukanwa.

Wifi hakupaza sauti. Alibaki na kigauni mikononi.

"Kwa hiyo siku ile hakuitika?"

"Alikuwa anasubiri biskuti, wifi."

"Na ule mkono?"

"Ulikuwa unaomba hiyo biskuti."

Alikikunja kile kigauni, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akamtazama mwanawe, si mimi.

"Namwita kila siku, wifi. Asubuhi, nikirudi kazini, nikimwogesha. Haitiki. Nikasema, kama mgeni aliita mara moja tu akageukiwa, basi masikio yake mazima, tatizo ni mimi." Akakiweka kigauni pembeni. "Mwaka mzima na miezi mitano nimeamini mwanangu hanitaki."